Shangazi, mdogo wangu anaambiwa alipe kwanza ndo atoe hela zake kasino ya kripto. Hawa watu wanashtakiwa wapi?

Shangazi shikamoo,

Naandika nikiwa nimechanganyikiwa, kwaiyo nisamehe kama maneno yatakuwa hayajapangika. Ni kuhusu mdogo wangu wa kiume. Rafiki yake alimtumia linki ya kasino moja ya mtandaoni inayotumia kripto tupu, hawaulizi jina wala kitambulisho, unaweka imeili na paswedi, unatuma USDT (sarafu ya kripto inayofuata thamani ya dola) na dakika chache tu unacheza. Kilichomvutia ndo hicho hicho, anasema huko hakuna usumbufu wa makaratasi na hakuna mtu anayekufuatilia.

Aliweka kidogo kidogo mpaka ikafika kama 300 USDT hivi, alafu akashinda, akashinda tena, na sasa hivi salio linasoma 6,400. Alivyobonyeza kutoa ndo balaa likaanza. Kwanza wakamwambia akaunti iko kwenye uhakiki atume pasi ya kusafiria, akatuma, wakataka picha yake ameishika hiyo pasi, akatuma, wakataka karatasi ya anwani anapoishi, akatuma pia. Baada ya hapo wakasema wameridhika ila alipe asilimia 10 "ya uthibitisho wa leseni", yani 640 USDT, na isikatwe kwenye salio, aitume kutoka nje kwenda anwani nyingine kabisa ya kripto. Hana hiyo hela. Mimi ninayo na ye anajua ninayo, na kila siku ananiambia dada nikopeshe hii tu, hela zipo pale naziona, nikizitoa nakurudishia na juu yake.

Mi nikaingia kwenye hiyo tovuti mwenyewe. Chini kabisa ya ukurasa kulikuwa na muhuri wa kijani wa leseni ya Curaçao, na namba inayoishia na herufi JAZ. Nikaubonyeza, ikafunguka picha ya huo huo muhuri ikiwa kubwa zaidi, basi. Jina la kampuni sikuliona popote, kwenye masharti wameandika "sisi" na "Kampuni" mwanzo mpaka mwisho. Niliporudi baadae muhuri ule haupo tena, kuna maandishi ya leseni ya Anjouan. Ukiwauliza kwenye chati kuna anayejiita Sofia, anakujibu kitu kile kile hadi koma na nukta zinafanana.

Mdogo wangu anasema hawawezi kumdhulumu kwa sababu michezo yao inathibitishwa kwa hesabu za blokcheni na kila mtu anaweza kukagua. Mi sielewi hayo mambo. Ninachotaka kujua ni nani aliyewapa hiyo leseni na tunamshtaki nani, wapi. Pia alikuwa anaingia kwa VPN, ile programu ya kuficha uko nchi gani, kwa sababu nchi yetu haimo kwenye orodha yao, kwaiyo anaogopa polisi watamkamata yeye badala yao. Na huyu rafiki aliyemtumia linki nimekuja kujua analipwa kamisheni kwa kila anayemwingiza. Yeye hana kosa?

Dada mtu

---

Marahaba mwanangu,

Naanza na hela maana ndo yenye haraka. Usimkopeshe. Na asiende kuikopa kwingine, hiyo 640 asiitume hata nusu yake. Kampuni ya kamari yenye leseni ya kweli ikikudai ada au kodi inaikata kwenye salio lako na kukupa kinachobaki. Aliyeshika 6,400 zako hana sababu yoyote ya kukuomba 640 nyingine kutoka nje, tena kwenye anwani mpya. Akilipa hiyo itakuja ya kodi, alafu ya kufungua waleti (pochi ya kripto), alafu faini ya kuchelewa, na itaendelea hivyo hivyo mpaka siku atakayokataa. Hiyo namba anayoiona kwenye skrini wameiandika wao kwenye kompyuta yao, wanaweza kuandika 6,400 au 64,000 na isiwagharimu kitu.

Ila nitenganishe jambo moja hapa ili msije mkachanganya. Kuombwa kitambulisho wakati wa kutoa hela peke yake sio dalili ya utapeli. FATF, lile shirika la kimataifa linaloweka viwango vya kupambana na utakatishaji wa fedha, linataka kasino zimtambue mteja muamala unapofika dola au euro 3,000. Kwaiyo hata kasino safi ingemuuliza kwa kiasi kama chake. Kasoro ya hawa ni kwamba walipokea hela bila kuuliza chochote, maswali yakaanza siku ya kulipa, na majibu yalivyokamilika wakatunga ada. Wasiotaka makaratasi wakati wa kuingiza hela wakati wa kutoa wanayataka yote, na ndo maana hilo tangazo la "hatuulizi kitambulisho" lingemtia wasiwasi badala ya kumvutia. Angalia sasa hivi ilivyo, wao wana pasi yake, sura yake na anwani anapolala, yeye ana jina Sofia. Usiri ule alioupenda umebaki upande wao tu.

Sasa leseni. Huo muhuri una historia na ni vizuri uijue, kwa sababu kasino nyingi za kripto zimekua kwa mgongo wa Curaçao. Kile kisiwa cha Karibi, kilicho ndani ya Ufalme wa Uholanzi, kilianza kuwa na sheria ya kamari za ng'ambo mwaka 1993, na baadae serikali ikatoa leseni mama nne tu kwa kampuni binafsi. Hizo nne ndo zikawa zinagawa leseni ndogo kwa tovuti nyingine, mamia kwa mamia. Namba zenye JAZ ni za hizo leseni mama. Yani tovuti ilikuwa inasimamiwa na kampuni inayoilipisha, serikali iko mbali huko, na mchezaji akilalamika barua yake inaishia kwa mtu ambaye tovuti hiyo ndo mteja wake. Watu walilia miaka na miaka. Mwisho Curaçao wakapitisha sheria mpya, wenyewe wanaiita LOK, ikaanza kazi tarehe 24 Desemba 2024, na mfumo wa leseni mama ukazikwa. Sasa hivi leseni inatoka moja kwa moja kwa Curaçao Gaming Authority, na mwenye leseni anatakiwa awe na utaratibu wa malalamiko pamoja na chombo huru cha kuamua ugomvi kati yake na mchezaji. Kwaiyo tovuti inayobandika leo namba ya JAZ kama ndo kinga yake inakuonyesha karatasi ya mfumo uliokufa, na hata wakati ule namba ile peke yake haikuthibitisha kitu, maana picha ya muhuri mtu yeyote anaweza kuikopi.

Na kuhamia Anjouan, ulichokiona kimewatokea wengi. Curaçao walivyokaza, tovuti kibao zilikimbilia kwenye leseni rahisi zaidi, na Anjouan, kisiwa kimoja cha Komoro, ndo kimekuwa kimbilio kubwa. Kuna mamlaka za ng'ambo zinazojitangaza mtandaoni kwa jina la kisiwa hicho, na Benki Kuu ya Komoro ilishatoa tahadhari hadharani kwamba leseni za kibenki zinazotolewa hivyo haizitambui. Hiyo ilikuwa ni kwa benki, lakini inakupa picha ya uzito wa karatasi yenyewe. Wengine watakwambia wana "leseni ya Costa Rica". Costa Rica haitoi leseni ya kasino za mtandaoni, wanachokuwa nacho ni usajili wa kampuni wa kawaida tu.

Kukagua sio kazi ngumu, ila usibonyeze muhuri, huo wameuweka wao. Andika mwenyewe anwani ya mdhibiti kwenye brauza, fungua rejista yake, utafute vitu viwili vikiwa pamoja: jina kamili la kampuni, na anwani ya tovuti hiyo hiyo mnayotumia, herufi kwa herufi. Malta wana rejista ya wazi, Uingereza wanayo na majina ya tovuti yameorodheshwa mle, Curaçao nao wana orodha yao. Jina la kampuni likiwepo na tovuti haipo, hesabu kwamba haina leseni, maana matapeli wanapenda kuazima jina la kampuni halali. Na kama jina la kampuni lenyewe halipo kwenye masharti, kama ulivyokuta wewe, basi hakuna hata cha kutafuta. Hapo swali lako la tunamshtaki nani limeshapata jibu lake baya, mkataba wa mdogo wako upande wa pili hauna mtu.

Hilo la blokcheni, yani daftari la wazi linaloandika kila muamala wa kripto, mwambie hivi, tena taratibu, maana anaamini kweli na sio mjinga. Huo mfumo wa kuthibitisha michezo upo na hesabu zake ni za kweli. Kabla hujacheza, kasino inatengeneza namba ya siri na kukuonyesha alama yake ya heshi, yani kama alama ya kidole ya hiyo namba isiyoifichua yenyewe, na wewe unachangia namba yako. Mchezo ukiisha wanaifichua ile ya siri, unapiga hesabu, unaona kama inaleta heshi ile ile waliyokuonyesha mwanzo. Ikilingana, basi hawakubadilisha matokeo baada ya wewe kuweka dau. Uthibitisho wake unaishia hapo. Hauseme kama kasino ina hela za kukulipa, hauseme kama itakubali kukulipa, wala hauseme ni nani mwenye kasino. Karata zinaweza kuchezwa kwa haki kabisa alafu mwenye meza akaondoka na sanduku la hela. Na mara nyingi uthibitisho huo unahusu ile michezo waliyotengeneza wenyewe tu, zile sloti (michezo ya mashine za kuzungusha picha) zenye majina makubwa ni kitu kingine, na tovuti feki huwa zinaweka nakala za kughushi za sloti hizo.

Haya, tuje kwenye sheria. Wengi wanadhani kama tovuti ina leseni ya Curaçao basi ni halali kila mahali. Sio kweli hata kidogo. Nchi nyingi zinaangalia mchezaji amekaa wapi. Uingereza kwa mfano, tangu 2014, kampuni inayowahudumia wachezaji walioko Uingereza lazima iwe na leseni ya Uingereza hata kama mitambo na ofisi ziko ng'ambo. Kwaiyo kesi yenu ina sheria mbili juu yake, ya kule kasino inakodai imesajiliwa na ya nchi mnayoishi nyie, na hii ya kwenu mara nyingi ndo yenye meno ya karibu.

Ila hata ukiwa na jina la kampuni, kushinda kesi na kulipwa ni vitu viwili tofauti, nisikudanganye. Austria mahakama ziliwapa haki wachezaji wengi kurudishiwa walichopoteza kwa kampuni zenye leseni ya Malta ambazo hazikuwa na leseni ya Austria. Malta wakajibu mwaka 2023 kwa kuweka kifungu kwenye sheria yao kinachoziambia mahakama za Malta zisitekeleze hukumu za namna hiyo. Hizo ni kampuni zinazojulikana, zina ofisi na wakurugenzi, na nchi zote mbili zimo Umoja wa Ulaya, na bado mzozo umekuwa mzito kiasi hicho. Nyie wa kwenu hana hata jina.

Kingine ambacho mdogo wako hatapenda kusikia: 6,400 na 300 mbele ya sheria sio hela moja. Ile 300 ni mali yake iliyotoka mfukoni kwake, ikachukuliwa na mtu asiye na ruhusa, na hoja ya kuidai inaeleweka. 6,400 ni ushindi wa kamari, na sehemu nyingi mkataba wa kamari isiyo na leseni ni batili, mahakama haiwezi kulazimisha ulipwe. Sheria ya Uingereza ya 1845 iliyofanya madeni ya kamari yasidaiwe mahakamani imefutwa huko kwao kwa sheria ya 2005, kuanzia 2007, ila wazo lake bado liko hai kwenye sheria za nchi nyingi. Tena na ule ushindi wenyewe siuamini. Hizi tovuti zinamwachia mtu ashinde kwenye skrini makusudi ili ada ya kutoa ionekane ndogo. Kwaiyo mnachopigania ni 300 na ile pasi.

Na 300 zina njia, ndogo, lakini ipo. Kripto sio giza kama watu wanavyodhani, kila muamala umeandikwa na haufutiki. Septemba 2023 kasino kubwa ya kripto, Stake, iliibiwa kama dola milioni 41, na ndani ya siku chache FBI, wapelelezi wa Marekani, ikatangaza hadharani kwamba ni kundi la wadukuzi la Lazarus la Korea Kaskazini na ikaweka anwani za waleti zilipoenda hela hizo. Mwendesha kasino naye anafikiwa. Nevada, Marekani, mwaka 2015 mwendeshaji wa tovuti ya poka ya bitcoin tupu, Seals with Clubs, alipekuliwa nyumbani, akakimbilia Antigua, mwisho akarudi na kukiri kosa, akapigwa faini ya dola 25,000 na kuwekwa chini ya uangalizi. Hela zikihama hama mwisho lazima zifike kwenye soko la kripto ili zigeuzwe kuwa sarafu ya kawaida, na soko linalofuata sheria linamjua mteja wake. Kwa USDT kuna la ziada, kampuni ya Tether inayozitoa inaweza kuzifunga zikiwa kwenye waleti yoyote, na huwa inafanya hivyo vyombo vya dola vikiomba. Haitafanya kwa sababu wewe au mimi tumewaandikia, ndo maana ripoti ya polisi ni muhimu.

Kwaiyo leo, kabla hawajamfungia akaunti, mkae wote wawili mkusanye. Kila muamala una namba yake ndefu, aichukue kutoka kwenye waleti yake mwenyewe sio kwenye kasino, pamoja na anwani alizotumia kuweka na hiyo mpya waliyompa ya kutuma 640, hiyo ni ushahidi mzuri sana kwa sababu ni yao na bado inatumika. Skrinshoti za salio, za chati yote ya Sofia zikiwa na tarehe, za masharti, za muhuri wa mwanzo kama unao na wa sasa. Anwani kamili ya tovuti, maana hawa wana nyingi zinazofanana na wakishtuka wanahamia nyingine. Alafu ripoti polisi kitengo cha makosa ya mtandaoni, kwa mdhibiti wa kamari wa kwenu, na kwenye soko la kripto alikonunulia hizo USDT. Waandikieni pia Curaçao Gaming Authority kwamba kuna tovuti inatumia jina lao, hiyo haitawarudishia hela ila inaingia kwenye kumbukumbu zao. Asiwatangazie kwenye chati kwamba anaenda polisi, anyamaze tu.

Kuhusu VPN na kukamatwa. Inategemea sheria ya nchi yenu, kuna nchi kosa liko kwa mwendeshaji tu na kuna nchi hata mchezaji ana kosa, kwaiyo kabla hajaandika maelezo polisi amuone wakili au ofisi ya msaada wa kisheria, hata kwa nusu saa. Asidanganye kuhusu VPN kwenye maelezo. Kwa kasino ile VPN ni kisingizio kilichoandaliwa kabla, ukisoma masharti yao utakuta wamejipa haki ya kufuta ushindi wa yeyote aliyeingia kutoka nchi isiyoruhusiwa, ila hela yake ya kuingilia waliipokea bila kuuliza yuko wapi.

Rafiki sasa. Kama alitumiwa linki na yeye akaituma tu bila kujua, ni mwathirika mwenzenu na huenda na yeye hela zake zimekwama kule. Lakini kama anaendelea kulipwa huku anajua watu hawatoi, hapo ni habari nyingine. Sehemu nyingi kutangaza kamari isiyo na leseni ni kosa lenyewe, Uingereza kwa mfano liko wazi kwenye sheria yao ya 2005, na huyu tofauti na Sofia ana jina, ana namba ya simu na anajulikana anapoishi. Muulizeni kwanza, kwa maandishi ili jibu libaki, anapokea kamisheni kwa nani na kupitia waleti gani. Hiyo waleti inayomlipa inaweza kuwa ndo uzi mzuri kuliko yote mtakayoipeleka polisi.

Kuna wengine watakaokuja, nakuambia mapema. Mdogo wako akianza kulalamika mitandaoni watamfuata watu inbox wakijiita wadukuzi wazuri, mawakili wa kripto, wengine watatumia mpaka nembo ya shirika la serikali, wote wanasema wanaweza kuzirudisha ila watangulize malipo. Mara nyingi ni wale wale wa kasino au walionunua orodha ya majina kwao. Hakuna mtu anayeweza kurudisha nyuma muamala wa blokcheni uliokwisha kuthibitishwa. Amblokie kila anayekuja na ahadi hiyo.

Na ile pasi. Kwenye ripoti ya polisi asisitize kwamba picha ya pasi na ya uso wake viko mikononi mwa watu asiowajua, alafu nakala ya hiyo ripoti aipeleke benki yake na kampuni ya simu, aulize na ofisi ya uhamiaji kama anaweza kubadilishiwa pasi. Siku mtu akifungua akaunti ya kripto kwa jina lake na kupitishia hela chafu, tarehe ya ripoti ndo itakayomtetea. Paswedi ya imeili aliyojisajilia nayo aibadilishe leo, na kama aliitumia na kwingine, kote huko.

Shangazi